Barua ya wazi kwa kamati ya tuzo: kabla ya kumvika patron wetu nishani, tuulizeni sisi tulio ndani ya geti

Lubumbashi, Haut-Katanga

Kwa: Mheshimiwa Mwenyekiti na wajumbe wote wa kamati inayotunuku wafanyabiashara wa mji wetu

Kuhusu: Nishani ya ujumuishi, yaani ya kutobagua watu kazini, mnayotaka kumpa patron wetu, mwajiri wetu

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote. Barua hii ingebaki kati yetu na nyinyi kama zile zilizotangulia zingejibiwa. Tuliziandika kwa mkono, tukazileta wenyewe kwenye biro yenu, yaani ofisi yenu, sekretari akazigonga muhuri wa kupokea, na nakala zenye muhuri huo tunazo. Tuliomba kuonana nanyi hata kwa nusu saa. Tukaambiwa tungoje simu. Tulipokuwa tunangoja, mabango ya sherehe yakapandishwa mjini na mialiko ikaanza kugawanywa. Basi, kwa kuwa nishani mtaitoa hadharani, na sisi tumeona tuseme hadharani.

Sitataja jina la patron wala la kampuni yake. Nyinyi mnamjua, naye anajijua. Sikuja kumharibia jina mtu ambaye mkate wangu unatoka kwake. Nimekuja kuzungumza na nyinyi, kwa sababu nishani ni yenu, na atakayeulizwa kesho kwa nini aliitoa ni nyinyi.

Mimi ni mmoja wa watu mnaowaona kwenye zile picha. Polio ilinishika utotoni. Natembea kwa baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono, kutoka komini ya Katuba hadi kazini, na kazi yangu ni kuhesabu mizigo inayoingia na kutoka ghalani. Naandika kwa niaba ya wenzangu, wenye ulemavu na mama wa usafi na wa mifuko, ambao walikaa pamoja nami Jumapili tukakubaliana kila neno.

Niseme kwanza mazuri, maana ni ya kweli. Patron wetu haulizi mtu anatoka mkoa gani. Kwa mgeni hilo ni jambo dogo. Kwa sisi tuliozaliwa hapa si dogo hata kidogo. Mji huu ulijengwa na watu wa kila upande: tangu ulipoanzishwa mwaka 1910, Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, ilileta wafanyakazi kutoka Kasai, kutoka Ruanda-Urundi, kutoka Rhodesia ya Kaskazini, na Kiswahili chetu hiki kilichojaa maneno ya kila kabila kilikomaa kwenye kambi zao. Lakini mkoa huu huu, mwaka 1992 na 1993, uliona jirani akimfukuza jirani kwa sababu ni mtu wa Kasai, watu wakilala stesheni na mizigo yao wakingoja treni. Hadi leo kuna biro humu mjini ambako jina lako la ukoo linasomwa kabla ya diploma yako. Kwake yeye halisomwi. Kwenye meza ya saa sita, Mluba, Mbemba, Msanga na Mrund wanakula bukari, ugali wetu, kwenye sahani moja. Hapo nampa haki yake yote, na kama nishani ingekuwa ya hilo tu, ningekuja kupiga makofi mwenyewe.

Pia ni kweli kwamba ameweka mama wawili kuendesha magari mazito kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, katika nchi hii ambako bado wapo wanaosema mwanamke akikaribia shimo la madini, madini yanakimbia. Hilo nalo lilihitaji moyo.

Lakini tangazo lenu halikusema hayo tu. Lilisema amewapa "nafasi sawa ya kazi" watu wenye ulemavu na akina mama. Hapo ndipo tunapokataa, na hizi ndizo sababu.

1. Kadi zetu hazifiki siku ya 22.

Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016, ina kifungu cha 40 ambacho kila kibarua wa Katanga angepaswa kukijua kama anavyojua Baba Yetu. Kinasema hivi: mtu anayeajiriwa siku kwa siku, akishatimiza siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, anahesabiwa kuwa mfanyakazi wa kontra, yaani mkataba wa kazi, isiyo na kikomo. Haingojewi patron apende. Haingojewi sahihi. Sheria imeshamaliza.

Sasa tazameni kadi zetu. Kila asubuhi karani wa geti anatoboa tundu moja. Kadi ya kwanza ni ya kijani na ina jina la kampuni. Ukifika tundu la 20 au la 21, unaitwa pembeni, unaambiwa kadi imejaa. Kesho yake unapewa nyingine, ya bluu, yenye jina la kampuni ya kukodisha watu, ambayo biro yake ni chumba kimoja nyuma ya ghala lile lile. Geti ni lile lile, shefu ni yule yule, magunia ni yale yale, ila hesabu imerudi kwenye moja. Ya bluu nayo ikijaa, unaambiwa upumzike nyumbani mpaka miezi miwili ipite. Halafu unaitwa, unapewa kijani. Hivyo hivyo, miaka.

Mtasema huenda ndivyo anavyofanyiwa kila mtu. Hapana. Vijana wenye miguu mizima tulioingia nao pamoja wana kontra leo, wana namba ya CNSS, ile kasha ya taifa ya hifadhi ya jamii, wana malipo ya watoto. Waliobaki kwenye kadi za rangi ni wenye ulemavu, na mama wanaofagia na kushona mifuko. Yaani ni wale wale ambao kwa ajili yao mnataka kumvika nishani.

Na mtu asiseme kadi ni karatasi tu. Mwenzetu mmoja alibanwa kidole na mzigo, kikakatwa. Kwa kuwa hakuandikishwa CNSS, hakukuwa na mahali pa kudai. Patron alilipa lopitali mwenyewe, hilo hatufichi. Alifika hadi kitandani na mfuko wa unga, na mpiga picha nyuma yake. Lakini ile ilikuwa huruma yake. Siku ambayo angeamka na mambo mengine kichwani, kidole kingekuwa shida ya mwenye kidole. Na baada ya wiki sita mwenzetu alirudi kazini, akapewa kadi ya kijani, tundu la kwanza.

Waheshimiwa, mji huu unamjua patron mwema kuliko mji wowote wa Kongo. Wazee wetu walipewa na Union Minière nyumba, posho, masomo ya watoto, na mama zetu walipewa darasa la kufuma. Na Desemba 1941, wazee hao hao walipogoma wakidai nyongeza ya mshahara, askari waliwapiga risasi hapa hapa mjini. Posho haikuwahi kuwa haki. Ilikuwa zawadi, na mwenye zawadi anaweza kukasirika. Tunachotaka sisi ni kontra. Zawadi tunashukuru, ila hatuwezi kwenda nayo mbele ya Inspekta wa Kazi.

2. Njia ya saruji imejengwa kwa wageni.

Mlango wa mbele, wanakoingilia wateja, una njia ya saruji yenye vyuma vya kushikia, imepakwa njano. Ilijengwa wiki chache kabla televisheni haijaja. Aliyeijenga hajawahi kukalia baiskeli kama yangu: ukianza kupanda, gurudumu la mbele linaacha ardhi, na kama hakuna mtu wa kukushika mgongoni unaanguka kinyumenyume. Tuliambiwa tuipande mbele ya kamera. Tulivalishwa jile mpya, vile vizibao vya kazi, mtu akasimama nyuma ya kila baiskeli nje ya picha, tukapanda. Jioni jile zilirudishwa stoo.

Hata ingekuwa nzuri, isingetusaidia, kwani hakuna hata mmoja wetu anayefanya kazi mbele. Kazi iko nyuma, ghalani, na ghala lina ngazi tatu. Choo kina ngazi mbili na mlango mwembamba kuliko baiskeli. Mwenye kutambaa anatambaa, na mvua za Januari mnazijua. Kuna mama kati yetu ambaye tangu anapoingia asubuhi hadi saa kumi jioni hagusi maji, ili asihitaji kwenda huko.

Yupo pia kijana asiyesikia, mpakiaji hodari kuliko wengi. Magari yanarudi nyuma yakipiga honi, na honi ndiyo ulinzi pekee uliopo. Tuliomba taa ya kuzunguka, ile nyekundu, iwekwe ukutani. Shefu akajibu kwamba kijana awe anaangalia. Anaangaliaje nyuma akiwa na gunia kichwani? Mpaka sasa wanaomlinda ni wenzake, kila gari likisogea mmoja anamvuta shati.

Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 kuhusu haki za watu wenye ulemavu ipo. Katiba ya 2006, kifungu cha 49, inasema mtu mwenye ulemavu anastahili hatua maalumu za kumlinda. Mwaka 2019 serikali ilimpa mama mwenye ulemavu, Irène Esambo, kiti cha waziri mjumbe wa mambo yetu. Tumefika kwenye baraza la mawaziri kabla ya kufika kwenye choo cha ghala.

3. Mama akipata mimba, kadi inapotea.

Hapa nitakuwa mfupi, kwa kuwa mama wenyewe wameniomba nisieleze mengi ya nyumbani kwao. Sheria ya Kazi inampa mama wiki 14 za uzazi, analipwa theluthi mbili za mshahara, na haruhusiwi kufukuzwa katika muda huo. Kwetu, tumbo likianza kuonekana, kadi inayofuata haitolewi. Hakuna anayemwambia amefukuzwa. Anaambiwa tu, "Mama, tutakuita." Akirudi na mtoto mgongoni anakuta mwingine kwenye cherehani yake. Na mmoja wa wale madereva wawili wa kwenye bango, mnajua yuko wapi sasa? Anauza makala, makaa ya kupikia, kwenye soko la komini ya Kenya, hapa hapa mjini. Picha yake bado iko barabarani.

4. Mlimchagua bila kutuona.

Tangazo lenu halikueleza vipimo. Tumeuliza, hatukuambiwa. Tunachojua ni kwamba mlitembelea kampuni asubuhi moja, mkapokelewa biro, mkaonyeshwa filamu fupi, mkapanda njia ya njano kwa miguu yenu. Hakuna aliyefika ghalani. Ni mita mia mbili.

Sasa najua majibu, mengine tumeshayasikia kwenye korido.

La kwanza, na ndilo zito, ni hili: "Angalau yeye amewachukua. Kuna mapatron wangapi mjini wasio na kilema hata mmoja? Mkimkosoa, hata wale waliotaka kumfuata wataogopa." Jibu hili linatuuma kwa sababu lina ukweli ndani yake. Ni kweli tungekuwa barabarani. Baadhi yetu tulikuwa barabarani, kwenye taa za mjini, mkono nje. Lakini fikirieni mnachokifundisha mji mkimpa nishani jinsi mambo yalivyo. Mapatron wengine watakuja kwenye sherehe yenu, watatazama, na watajifunza bei: bilema wachache kwa kadi za rangi, saruji kidogo mlangoni, siku moja ya televisheni. Watasema, kumbe ni rahisi hivi. Baada ya hapo nani atahangaika kutoa kontra, ikiwa asiyetoa ndiye anayevikwa? Anayetaka mapatron wamfuate na awaonyeshe njia inayofaa kufuatwa.

La pili: "Hao wa kadi ya bluu si wafanyakazi wake, ni wa kampuni ya kukodisha." Basi kama si wafanyakazi wake, msiwahesabu kwenye sifa zake. Haiwezekani tuwe wake kwenye picha na tuwe wa mwingine kwenye mshahara.

La tatu ni gharama. Taa nyekundu moja, mlango mmoja wa choo kupanuliwa, ngazi tatu kufunikwa kwa zege. Njia ya njano ya mbele imekula pesa nyingi kuliko hayo yote.

La nne: kwamba tumetumwa na washindani wake, au na wanasiasa. Aliyesema hivyo aje Katuba aone tunavyoishi, kisha atuambie hizo pesa tulizopewa tumeziweka wapi.

Na yapo maneno mengine, kwamba tuzo ni ya moyo, si ya sheria, na mambo ya kontra yaende kwa Inspekta wa Kazi. Yatakwenda, faili iko tayari. Lakini Katiba, kifungu cha 36, inasema mtu asidhulumiwe kazini kwa sababu ya asili yake, jinsia yake, mawazo yake, imani yake au hali yake ya maisha. Nishani ya ujumuishi isiyotazama kazini inatazama wapi?

Tunachoomba kwenu, kwa adabu lakini bila kupunguza, ni haya:

a) Sherehe isogezwe mbele. Hatusemi ifutwe. Isogezwe mpaka haya yafuatayo yawe yamefanyika.

b) Mwombeni patron awaonyeshe orodha ya wafanyakazi wenye ulemavu na ya akina mama, aina ya kontra ya kila mmoja, na karatasi za CNSS. Mtu mwenye nafasi sawa za kazi ndani ya kampuni yake ataona fahari kuzionyesha.

c) Mje ghalani, siku ambayo hamkuitangaza, na mmoja wenu ajaribu kuingia chooni akiwa amekaa kwenye baiskeli yangu. Nitamwazima.

d) Mtusikilize bila patron wala shefu kuwepo, mahali pasipo na ngazi, na awepo mkalimani wa lugha ya ishara. Mtuahidi kwa maandishi kwamba atakayesema hatanyimwa kadi.

e) Mtangaze vipimo vya nishani hii, na kwenye kamati yenu waingie watu wawili kutoka vyama vya watu wenye ulemavu na mmoja kutoka vyama vya akina mama wafanyakazi. Kamati ya ujumuishi ambayo sisi hatumo inatuchekesha, samahani kwa kusema hivyo.

Kwa patron wetu, ambaye najua ataisoma barua hii kabla yenu, nina maneno machache. Baba, sisi hatuna vita nawe. Kufungua geti ulifungua, wengine hawakufungua. Toa kontra kwa waliotimiza siku zao, warudishe mama waliotoka na tumbo, weka taa, panua mlango. Ni kazi ya mwezi mmoja kwa mtu mwenye mafundi kama wako. Ukifanya hivyo, sisi wenyewe tutaandika barua nyingine kwa kamati hii kuomba nishani yako, na safari hiyo tutataja jina.

Kamati ikinyamaza hadi siku ya sherehe, tutakuwa pale nje ya ukumbi, na baiskeli zetu, kwa amani, tukiwa na kadi zetu za kijani na za bluu mkononi ili wageni wazione wanapoingia. Barua ya kuwajulisha viongozi wa mji kuhusu mkusanyiko huo imeshapelekwa, kama sheria inavyotaka.

Jina langu sikuliandika hapa kwa ajili ya usalama wa wenzangu. Nyinyi mnalo: liko chini ya kila barua iliyogongwa muhuri kwenye biro yenu, pamoja na namba ya simu. Simu iko wazi, hata usiku.

Wenu katika heshima,

Mhesabu mizigo wa ghalani, kwa niaba ya wafanyakazi wenye ulemavu na mama wa usafi na wa mifuko

Nakala: Inspekta wa Kazi, Haut-Katanga, biro ya CNSS, Lubumbashi, redio na televisheni zote za mji